Jicho likitazama mzizi, gurudumu hufuata



Waendesha baiskeli za mlimani wana alama zao, nazo zinaeleweka katika nchi nyingi kama taa za barabarani. Ukikuta mduara wa kijani mwanzoni mwa kijia, ujue njia ni rahisi, hata mtoto atapita. Ukikuta almasi nyeusi, njia ni ngumu, na kama hujui kazi ni heri ugeuze urudi. Katikati yake kuna mraba wa buluu. Alama hizi ziliazimwa kutoka kwa wale wanaoteleza kwenye theluji, na chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli hawa, IMBA, kimezipa vipimo. Kijia cha buluu kinapaswa kuwa na upana wa sentimita 60 hivi au zaidi. Mwinuko wake wa wastani usizidi asilimia 10, ingawa panaweza kuwepo kipande kifupi kinachofika 15 na kupita. Na kile kizuizi usichoweza kukikwepa, jiwe au mzizi uliokatiza njia, kisizidi sentimita 20 kwenda juu. Hiyo ni pungufu kidogo ya shubiri. Weka kiganja chako mezani, tanua vidole, utaona ni kitu kidogo.

Leo nataka kuzungumza nawe uliye katika mraba wa buluu. Sizungumzi na yule aliyebatizwa usiku wa Pasaka iliyopita, ambaye bado anashika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili. Wala sizungumzi na yule bibi ambaye amemaliza rozari tatu kabla wewe hujaamka. Nazungumza nawe uliyepakwa mafuta ya Kipaimara zamani, ukafunga ndoa, ukachaguliwa mweka hazina wa jumuiya, ukazika mzazi mmoja au wote wawili. Wimbo wa mwanzo unauimba bila kitabu. Unajua padre akisema hivi unajibu vile. Hapo ndipo penye hatari. Anayeanza hulindwa na woga wake na bingwa hulindwa na ujuzi wake, lakini wa katikati mara nyingi amekwisha kuuacha woga na ujuzi haujafika.

Pale Nairobi tuna mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Msitu wa Karura, upande wa kaskazini wa jiji, una zaidi ya hekta 1,000, na umezungukwa na Muthaiga, Gigiri na Runda. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Leo unasimamiwa na shirika la misitu la taifa, KFS, kwa ushirikiano na chama cha jamii kinachoitwa Friends of Karura. Ukilipa kiingilio langoni unaweza kutembea, kukimbia, au kukodi baiskeli kama huna yako. Njia zake zina makutano yenye namba, ili mgeni asipotee. Ndani mna mito, mna maporomoko, mna mapango ambayo wazee wanasema yaliwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau. Nawafahamu watu walioishi Nairobi miaka thelathini bila kuingia humo. Zamani kulikuwa na sababu, maana kabla ya kuwekwa ua wa umeme watu waliogopa kuporwa au kukutwa na makubwa zaidi. Siku hizi hakuna sababu, ila uvivu wa Jumamosi. Usiniulize padre mwenye mvi anatafuta nini juu ya baiskeli. Daktari ndiye aliyeanzisha maneno.

Sehemu kubwa ya njia za Karura ni pana na tulivu. Ningezipa mduara wa kijani bila kufikiri. Lakini kuna vipande vifupi, vijia vyembamba vinavyoingia katikati ya miti ya asili na kushuka kuelekea mtoni, ambavyo kwa jicho langu ni buluu kamili. Kipande kama hicho hakimalizi dakika kumi. Udongo ni ule mwekundu wa nyanda za juu, mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi na unaoteleza kama sabuni baada ya mvua. Pembeni kuna mihugu na mikinduri. Mizizi imetoka nje ya ardhi na kukatiza njia, mingine imenyooka, mingine imekaa mshazari. Wa mshazari ndio wa kuchunga. Mzizi ulionyooka kukukatiza unaupanda gurudumu la mbele kisha la nyuma, basi. Wa mshazari, tena ukiwa umelowa, hulishika gurudumu na kulivuta upande.

Mwendeshaji anayejua huinuka kitini anapoteremka. Pedali zake mbili zimelingana, hakuna ya juu wala ya chini, isije ya chini ikajigonga kwenye jiwe. Viwiko vimekunjwa na magoti yamelegea, maana baiskeli lazima icheze chini yake naye abaki ametulia. Breki anazishika kabla ya kona, na akiwa ndani ya kona anaziachia. Vidole vyake havikabi usukani kama mtu anayeshikilia mbuzi asitoroke.

Hayo yote yanafundishika kwa alasiri moja. Kuna jambo moja lisilofundishika haraka, nalo ni macho.

Muulize mwendesha bodaboda yeyote aliyedumu kazini. Atakwambia kwamba anayelikodolea macho shimo huingia shimoni. Si kwamba hakuliona. Aliliona kupita kiasi. Jicho likigandia mahali, kichwa hugeukia hapo, mabega hufuata kichwa, mikono hufuata mabega, na gurudumu hufuata mikono. Marubani wa ndege za kivita wanalijua jambo hili. Walimu wa pikipiki wanalifundisha siku ya kwanza. Katika kijia cha msituni huna nafasi ya kulibishia, kwa sababu njia ni sentimita 60 na mti umesimama pale pale. Ukitazama mti utakwenda kwenye mti. Ukitazama pengo lililo kando ya mti, utapita kwenye pengo.

Niliwahi kwenda huko na vijana wa parokia, kumi na mmoja, siku ya Jumamosi. Kijana mmoja mwenye nguvu kuliko wote, mchezaji mpira, alifika kwenye mteremko wenye mzizi mmoja mnene. Kulia kwa mzizi kulikuwa na nafasi ya kupita mkokoteni. Wenzake sita walikuwa wamepita hapo. Yeye alikuja akiutazama mzizi tu, macho yamemtoka, na sisi tuliosimama chini tukawa tunamwona akielekea kwenye mzizi kana kwamba umefungwa kamba unamvuta. Akaanguka. Goti likachunika na kofia ngumu ikafanya kazi yake. Msichana mmoja aliyekuwa anamfuata, mwembamba kama fimbo, akapita kulia bila shida. Tulipokaa kunywa maji nikamwuliza kijana, "Hukuona nafasi ya kulia?" Akajibu, "Padre, nafasi niliiona. Lakini mzizi ulikuwa mkubwa."

Nimelikumbuka jibu hilo nikisoma Kitabu cha Hesabu, sura ya 13. Unaijua habari hiyo. Musa alituma wapelelezi kumi na wawili kwenda kuikagua nchi ya ahadi. Walikaa huko siku arobaini. Wote walipita njia zile zile, wakaona miji ile ile na watu wale wale. Waliporudi, kumi walisimulia habari za majitu, wakasema kwamba mbele ya majitu hayo wao walijiona kama panzi. Kalebu na Yoshua walisema twende. Kuna jambo dogo katika sura hiyo ambalo tunalipita haraka. Wapelelezi walirudi na kishada cha zabibu kikubwa kiasi cha kubebwa kwenye mti na watu wawili. Fikiri, ndugu yangu. Utamu wa nchi ile wameubeba mabegani, uzito wake wanausikia kwenye mifupa, na midomo yao inazungumza habari za majitu. Walikibeba kile walichopaswa kukitazama. Majitu yalikuwapo, Biblia haisemi walidanganya. Nafasi waliiona, lakini mzizi ulikuwa mkubwa. Taifa zima likazunguka jangwani miaka arobaini.

Petro naye, katika Injili ya Mathayo sura ya 14, hakuzama kwa sababu upepo ulianza. Upepo ulikuwa ukivuma tangu mwanzo, hata kabla hajatoka chomboni. Alianza kuzama alipoutazama.

Sasa nikupeleke katika nchi ya kahawa. Kuna mzee mmoja huko Murang'a ambaye amenipa ruhusa nisimulie habari zake, mradi nisimtaje. Hakuniambia katika kitubio. Alinieleza barazani kwake, mkewe akiwepo, na majirani wanaijua. Baba yao alipofariki, shamba liligawanywa kwa wana wawili. Baada ya muda ndugu yake alisogeza ua. Hatua saba, kwa hesabu ya mzee. Hatua saba katika nchi ya kahawa ni mashina mengi, na hata kama yangekuwa mawili, haki ni haki. Mzee alikwenda kwa chifu, akaenda kwa wazee wa ukoo, hatimaye akaenda mahakamani. Kesi imekaa miaka kumi na mmoja.

Kila asubuhi kwa miaka hiyo kumi na mmoja, mzee alitoka na kikombe chake cha chai akaketi kwenye kiti kinachotazama ua. Nguzo zote alizijua. Ukimwuliza ya tatu kutoka barabarani ina misumari mingapi, angekujibu. Aliwajua kuku wa ndugu yake wanaopenya chini ya waya. Wakati huo upande wake wa shamba, ule ambao hakuna aliyeunyang'anya, kahawa ilikaa bila kupogolewa, magugu yakafika magotini. Mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi Nakuru, alipunguza kuja nyumbani, kwa sababu kila akija mazungumzo ni ua. Siku ya sherehe ya binti yao aliyehitimu chuo, wa kwanza katika ukoo, baba alipewa nafasi aseme neno. Akazungumza habari za ua. Mkewe ndiye aliyenieleza hilo, na alipolieleza hakumtazama mumewe.

Sikiliza, mpendwa msomaji, maana hapa ndipo wahubiri tunapowaumiza watu. Ni rahisi mimi nisimame kwenye mimbari nimwambie mzee asamehe, aondoe kesi, amwachie Mungu. Na yule ndugu aliyesogeza ua aketi benchi la tatu akiitikia Amina. Sikumwambia hivyo. Hatua saba ni zake. Kristo hakumwambia mtu yeyote aliyedhulumiwa kwamba dhuluma ni ndoto. Mzizi upo. Anayekwambia kwamba ukiwa na imani mizizi itaondoka njiani, hajawahi kupanda baiskeli, na wala nadhani hajasoma Injili hadi Ijumaa Kuu.

Kuanguka kupo pia, hata kwa mabingwa. Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya baiskeli kwenye njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Alijua kuendesha kuliko sisi sote. Huko Italia, karibu na Ziwa Como, kuna kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli mwaka 1949. Ndani yake zimetundikwa baiskeli za washindi, na miongoni mwake imo baiskeli iliyoharibika ya Fabio Casartelli, aliyekufa kwenye mashindano ya Ufaransa mwaka 1995. Kanisa haliifichi. Imewekwa pamoja na zile za ushindi, mbele ya Mama yule yule.

Kwa hiyo swali langu kwako halihusu kama mzizi upo. Nauliza macho yako yanashinda wapi.

Na jibu bora ninalolijua linatoka Karura yenyewe. Miaka ya tisini, watu wenye nguvu walianza kugawiana msitu ule vipande vipande wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai akasimama. Alikuwa binti wa Nyeri, aliyesoma kwa masista pale Mathari, kisha Loreto Limuru, kisha katika chuo cha masista Wabenedikti huko Atchison, Kansas. Vuguvugu lake la Green Belt alilianzisha mwaka 1977. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda Karura na wenzake, wakiwemo wabunge na wageni. Kundi la watu waliowekwa kulinda lile eneo likawashambulia. Wangari alipasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha malalamiko, alichovya kidole katika damu yake mwenyewe akaitia kuwa sahihi.

Niambie, siku ile alikuwa amekwenda kufanya nini? Alikwenda kupanda mti.

Hilo ndilo linalonishangaza kila ninapopita langoni. Adui zake aliwajua. Alijua ni nani amegawiwa nini, na alisema hadharani. Hakuwa mtu wa kufumba macho. Lakini mkononi alishika mche na kopo la maji. Macho yake yalikuwa kwenye msitu, na waliosimama mbele ya msitu aliwaona kama mtu anavyouona mzizi anaopaswa kuupita. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kwa ajili ya jambo lile, nchi ikatikisika, na Agosti mwaka ule ule Rais Daniel arap Moi akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, Wangari akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameagiza mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake, likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Hata kaburini macho yalikuwa pale pale.

Fikiri kama angetumia miaka ile kutazama tu wale waliomchukia. Wangekuwepo na sababu za kutazamwa, si haba. Angekuwa na haki yote, na msitu usingekuwepo.

Ndipo nami nikamwuliza yule mzee wa Murang'a swali la kijinga. "Mzee, wakili unamlipa?" Akasema analipa, tena sana. "Unamlipa ili afanye nini?" Akasema, "Aushughulikie ua." Nikamwambia, "Basi kama mtu amelipwa kuutazama ua kwa niaba yako, mbona mnautazama wawili?" Mkewe alicheka. Yeye hakucheka siku ile.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na ni kweli, kila kinachopita mbele yake huingia. Lakini macho yana shingo. Kitabu cha Mithali, sura ya 4, kuanzia mstari wa 23, baba anamfundisha mwanawe, na anafuata mpangilio ambao mwendesha baiskeli angeutambua. Anaanza na moyo, kwamba ulindwe. Halafu kinywa, kiachane na upotovu. Halafu macho, yatazame mbele moja kwa moja. Miguu inakuja ya mwisho. Sisi tunaanza na miguu. Tunasema, kuanzia kesho sitakwenda baa ile, sitapita kwa fulani, sitagombana na mama mkwe. Miguu tunaitolea amri huku macho tukiwa tumeyaacha kwenye mzizi, kisha tunashangaa mbona tumeanguka pale pale tulipoapa kutoanguka.

Nenda katika ndoa yako. Mwaka wa kumi na saba, mraba wa buluu kabisa. Mume alikosa mara moja, akakiri, akatubu. Mke anampenda na hataki kuachana. Lakini simu ya mume ikilia, jicho lake liko kwenye simu. Akichelewa dakika ishirini, jicho liko saani. Anajitahidi kusamehe, na kila siku anajitahidi huku akilitazama lile kosa, ili ahakikishe kwamba amelisamehe. Mama yangu, kwa njia hiyo utalirudia kila asubuhi. Nawe baba, usije ukalikata gazeti hili ukambandikia mkeo kwenye kabati. Mzizi huo uliupanda wewe, na mtu anayejifunza kutazama mbele anahitaji kitu mbele chenye thamani ya kutazamwa. Mpe.

Au ni wewe uliyefutwa kazi ukiwa na miaka arobaini na nane. Au umepimwa, na daktari amekupa neno refu linaloanza na "saratani", na tangu siku hiyo unashinda ukilisoma neno hilo kwenye simu hadi usiku wa manane. Siwezi kukwambia usilione. Lakini nimekaa na wagonjwa wengi, na nimeona wawili wenye ugonjwa mmoja na kitanda kimoja cha upande wa dirisha, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikufa mara mia kabla ya siku yake. Mwingine alikuwa akimfundisha mjukuu kusoma, na siku mbili kabla ya kufa alikuwa akimsahihisha herufi.

Usinielewe kwamba ni kazi ya mara moja. Waliouanzisha mchezo huu huko California, katika miaka ya sabini, waliteremka mlima kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki za kurudisha pedali nyuma. Mteremko wao maarufu, karibu na Mlima Tamalpais, waliuita Repack, na mashindano ya kwanza yalifanyika hapo Oktoba 1976. Jina hilo lina maana ya kujaza upya. Breki zilipata moto kwa kushikwa njia nzima hata grisi ndani ya habu ikaungua kuwa moshi, ikabidi baada ya kuteremka mtu aifungue habu na kujaza grisi nyingine. Baiskeli za siku hizi hazihitaji hayo, lakini roho ya mtu bado ni ya mtindo wa zamani. Anayeteremka maisha akiwa amebana breki kwa hofu, anaungua ndani, hata kama nje anaonekana mtulivu. Ndiyo maana Kanisa lina kitubio, lina mafungo, lina Dominika yenyewe. Wengi wenu mnamwacha padre amekaa peke yake kwenye kiti cha maungamo Jumamosi jioni, anasoma gazeti. Najua ninachosema.

Mazoezi ya macho huanza na vitu vidogo. Yule msichana mwembamba aliyepita mzizi salama, nilimwuliza amefanyaje. Alisema kwamba mwalimu wake wa baiskeli alimfundisha ataje kwa sauti kile anachotaka kupita, kamwe asitaje kile anachokwepa. Kwa hiyo anateremka akisema, "Kulia, kulia, kulia." Hasemi, "Mzizi, mzizi." Nilipomsikia nilifikiri juu ya sala zetu. Kuna mtu ambaye sala yake ya jioni ni orodha ya maadui, akiwataja mmoja mmoja mbele ya Sakramenti Takatifu, na anatoka kanisani akiwa na hasira kuliko alivyoingia. Jaribu wiki hii kumtajia Mungu jina la pengo: mtoto unayetaka amalize shule, mke unayetaka kuzeeka naye, shamba unalotaka kulima. Akina fulani Mungu anawajua. Huna haja ya kumkumbusha anwani zao.

Kuhusu yule mzee, mwezi uliopita nilipita kwake nikielekea mazishi. Nilimkuta ameketi upande wa pili wa nyumba, chini ya mkinduri, kiti ni kile kile. Sikumwuliza kitu. Mbele yake kulikuwa na kahawa iliyopogolewa, safu sita hivi, nyingine bado ni msitu. Machipukizi mapya yalikuwa yameanza kutoa maua meupe, na harufu yake unaijua kama umekulia huko. Mwanawe wa Nakuru alikuwa amekuja na mkasi mpya wa kupogolea, akaondoka Jumapili. Ua uko pale pale, ndugu hawajasalimiana, kesi itatajwa tena mwezi ujao na mzee atakwenda, koti lake la mahakamani liko tayari. Alinyanyuka kuniletea kiti kingine. Kuku wa ndugu yake walikuwa wamepenya chini ya waya kama kawaida na kuja mpaka penye miguu yetu, naye aliwamwagia makombo ya mkate wake.